Majogoo Niliomfugia Nyapara

Firigisi ilikuwa juu ya ugali, mahali inapowekwa siku zote akija mgeni, na nyapara alikuwa ananyoosha mkono kuichukua huku akimwambia mume wangu habari za trekta. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Binti yangu alikuwa sakafuni, ameegemea mguu wangu, anautazama ule mkono. Hakuwa analia. Angelia, labda ningembeba nikatoka naye nje kama Jumapili nyingine zote. Alikuwa anatazama tu, na mdomo wake unatafuna, na ndani ya mdomo hamna kitu.

Nikaweka birika chini. Nikaichukua firigisi kabla vidole vya nyapara havijaifikia, nikaikata kwa meno, nikamtia mtoto nusu mdomoni. Nusu nyingine nikaila mwenyewe, nimesimama, mbele ya wanaume wawili.

Nyapara aliurudisha mkono wake polepole, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa umegusa kitu.

"Mwalimu," akasema, "umeishiwa na nyama au umeishiwa na adabu?"

"Nyama, mzee. Adabu ninayo tele, ila mtoto hashibi adabu."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mama mtoto, omba radhi."

"Nimwombe nani? Kuku?"

Nyapara akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mke wako amesoma mpaka amekuwa mwanamume. Imebaki ndevu tu." Akainuka, akachukua kofia yake. Kuku mzima akamwacha pale mezani anatoa moshi. Alipofika mlangoni alinipita bila kunitazama, akamwambia mume wangu: "Kesho tutaona kuku wa Mwalimu watalia chakula wapi."

Ndivyo ilivyokuwa, na laini yote ya wafanyakazi ilikuwa imesikia kabla jua halijatua. Wengine wanasema mpaka leo kwamba nilimtukana mzee wa watu kwa ajili ya kipande cha nyama kisichojaa kiganja. Wacha niseme mimi mwenyewe majogoo wale walikuwa wa nani.

Tunakaa kwenye laini ya wafanyakazi katika shamba la ngano na mahindi, upande wa Salgaa. Mume wangu anaendesha trekta. Mimi nilisoma kwa wamisionari mpaka kidato cha pili, nikafundisha shule ndogo ya hapa shambani, mpaka memsahib, mke wa bwana mwenye shamba, alipoliona tumbo langu akasema mwalimu mwenye mimba anawachanganya watoto akili. Kazi ikaondoka, jina la Mwalimu likabaki. Siku hizi wanaliita kwa mzaha, hasa nikiwa nimejitwika kuni.

Binti yangu alipoachishwa ziwa alianza kuharibika. Ni neno baya kulisema juu ya mtoto wako, lakini sina jingine. Nywele zilibadilika rangi zikawa kama nyuzi za mahindi, miguu ikavimba, akawa hachezi. Daktari wa dispensari alimbonyeza mguu kwa kidole, pakabaki shimo. Akaniambia, "Huyu tumbo lake limejaa ugali na mwili wake una njaa. Mpe maziwa. Mpe mayai. Mpe nyama, hata ya kuku, uisage iwe laini."

Alisema kama mtu anayekuagiza ukachote maji mtoni. Maziwa? Shamba hili lina ng'ombe wengi kuliko watu, lakini yakishapita kwenye mashine ikatoa siagi, yale yaliyobaki wanapelekewa nguruwe. Nguruwe wa bwana wana mashavu. Mayai nilimpa, lakini kuku wa kienyeji hutaga machache kisha huyalalia, na ukiyala yote huna vifaranga, na bila vifaranga huna nyama. Nikapiga hesabu yangu: mayai haya kwa mtoto, yale kwa kuku ayalalie, na majogoo watakaoanguliwa wawe nyama ya binti yangu. Nilimwambia mume wangu hivyo waziwazi. Akasema sawa.

Kuku wetu hawana haraka. Memsahib ana kuku wake weupe, wanakula unga wa gunia kutoka mjini, wanakaa, wanavimba, na mara wako mezani. Wa kwetu anataka mvua za masika zimkute kifaranga na mavuno ya ngano yamkute ndiyo kwanza anaanza kuwika. Katikati hapo ni mkono wako. Walipokuwa wadogo niliwapa chenga za mahindi, zile zinazobaki kwenye chekecheke. Nikawategea mchwa: unachukua chungu kilichopasuka, unakijaza mavi ya ng'ombe yaliyokauka na makapi, unanyunyizia maji kidogo, unakifudikiza juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi unakifunua na vifaranga wanakuja wanakimbia, wanakanyagana. Hicho ndicho kinachojenga mwili wa kifaranga, na mimi nilikuwa nakibeba chungu kile mtoto akiwa mgongoni, umande ukinifika magotini.

Walipokua nikaacha kuwapa kitu asubuhi. Jogoo akishiba asubuhi hukaa chini ya kibanda na kuota jua kama karani. Mnyime, atatembea, atachakura, atapata panzi na mbegu za magugu, na hizo hatua ndizo zinazomtia nyama pajani. Saa sita niliwakatia majani ya kunde. Jioni nilishika punje kiganjani nikawaita, kidogo tu, ili wajue nyumbani ni wapi. Kila wakati nilipowakamata nilipapasa kifua. Jogoo mchanga mfupa wa kifua chake ni kisu. Kisu kile kinatakiwa kufunikwa, na hakifunikwi kwa pumba. Kinafunikwa mabuani.

Hapa ndipo nyapara anapoingia.

Mashine ya kuvuna ngano ikishapita, inaacha punje nyingi chini. Tangu zamani bwana mwenye shamba aliruhusu kuku wa laini waingie kwenye mabua mpaka siku ya kulima tena. Alisema mwenyewe, mbele ya watu, kwa Kiswahili chake kibovu, nami nilikuwepo. Hakusema tulipe chochote. Lakini shamba lina ua wa waya na lango, na lango lina nyapara.

Asubuhi wanawake tulikuwa tunapanga mstari na matenga ya kuku. Nyapara alisimama langoni, anatia mkono kwenye tenga, anamtoa jogoo, anamgeuza chali na kumpapasa kifuani kwa kidole gumba. Kidole kile nakifahamu kuliko uso wake. "Huyu bado mfupa, pita." Anamtoa mwingine. "Huyu naye... huyu Jumapili." Akisema Jumapili, basi. Jumapili hiyo baada ya kanisa unamwona anakuja laini kwa miguu, fimbo kwapani, anapiga hodi kama mgeni wa heri.

Kwetu magharibi, ambako wengi wetu wa laini hii tumetoka, mgeni hapewi mboga za majani na jogoo anawika uani. Ni desturi nzuri na sitaki mtu aseme naidharau. Baba yangu alichinja jogoo wake wa mwisho kwa ajili ya mtu aliyepotea njia. Firigisi ni ya mgeni au ya mwenye nyumba, mapaja na kifua ni vya wanaume, mwanamke anapika na hali. Mwanamke hashiki kisu cha kuchinjia. Nililijua hilo na nililiishi. Lakini mgeni anakuja na Mungu wake, hujui siku. Huyu wetu alijialika mwenyewe kwa kidole gumba, alichagua nyama ingali na manyoya, na kila mmoja wetu alijua usipomchinjia, kuku wako hawaoni mabua na mume wako hapandi trekta.

Jogoo wangu wa kwanza alikwenda hivyo. Nikasema si kitu, wako wengine. Akaenda wa pili. Kila Jumapili ya zamu yangu binti yangu alipewa miguu. Miguu ya kuku, kucha na ngozi. Mtoto aliyeandikiwa nyama alikaa uani ananyonya mfupa usio na kitu, na ndani ya nyumba mtu aliyenenepa tayari alikuwa anauliza kama kuna chumvi zaidi.

Nilisema na mume wangu. Si mara moja.

"Mchinjie mtoto mmoja," nikamwambia. "Leo, kabla yule hajamshika kifua."

"Jogoo hachinjwi kwa ajili ya mtoto."

"Nani alisema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo ilivyo."

"Na akifa? Wageni wa matanga tutawachinjia wangapi?"

Akanitazama kama niliyemtemea mate. Akatoka akaenda kukagua trekta, na trekta ilikuwa nzima. Sikusikitika kusema vile. Nilisikitika kwamba sikuwa nimesema mapema. Mume wangu si mtu mbaya, ila anaogopa, na woga wake ulikuwa unaliwa na binti yangu badala ya nyama.

Ndipo ikafika Jumapili ile. Jogoo alikuwa mwekundu, mzito, kifua kimejaa mpaka mfupa hauguswi. Huyo nilikuwa nimemwekea mtoto kabisa, nikawa simpeleki langoni, namlisha nyumbani kwa masuke ninayookota nje ya ua. Nyapara akapita laini siku ya Ijumaa, akamsikia anawika. Akaingia uani bila hodi, akamkamata, akampapasa.

"Mwalimu, huyu ulikuwa unamficha nini? Anasoma?"

Wanaume wawili waliokuwa pale wakacheka. Akamtupa chini, akasema Jumapili. Yaliyofuata nimeshayasema.

Baada ya yule mtu kuondoka na kofia yake, mume wangu hakula. Mimi nilikaa kwenye kiti alichokikalia nyapara, nikachambua kifua, nikakiponda kwa mwiko na mchuzi, nikamlisha mtoto mpaka akageuza uso. Jioni alilia kwa ajili ya kitu fulani cha kitoto, alitaka kushika moto nadhani, alilia kwa sauti, na nilifurahi kumsikia ana nguvu ya kulia.

Asubuhi lango lilifunguliwa kwa kila mtu ila mimi.

"Kuku wa Mwalimu wana ugonjwa," nyapara akawaambia wanawake. "Wakiingia watamaliza wenzao. Wakae ndani, wasome."

"Ugonjwa gani, mzee?" nikamuuliza.

"Kiburi."

Nikasubiri wenzangu waseme neno. Wakatazama matenga yao. Mama wa nyumba ya pili, ambaye mtoto wake alizaliwa wiki moja na wangu, alipita lango na kuku wake bila kugeuza shingo. Sikumlaumu siku hiyo. Nilimlaumu baadaye, aliponijia na kuninong'oneza, "Mwalimu, na mimi amenichukulia watatu," nikamwambia, "Basi twende tukaseme," akasema, "Aa, mimi nilikuwa nakwambia tu."

Amri ikaja kuku wangu wasionekane nje kabisa. Ukimfungia kuku aliyezoea kutembea, ukampa pumba na maganda, anajikunyata, anadonoana na mwenzake, kifua kinarudi kuwa kisu. Nilijaribu kuokota masuke nje ya ua, mlinzi akatumwa kunifukuza. Nilijaribu mchwa, lakini ardhi ilikuwa imekauka na mchwa wameshuka chini. Kila jioni niliwapapasa nikaona kazi ya miezi inayeyuka mikononi mwangu. Wawili wakafa. Nyapara akasikia, akawaambia watu, "Si niliwaambia ni wagonjwa?"

Nilikwenda kwa bwana mwenyewe. Nilimsubiri karibu na ghala mpaka akatoka. Nikamweleza kwa Kiingereza, na hilo nadhani lilimkera zaidi ya kuku. Akasema hayo ni mambo yetu ya desturi, yeye haingilii, nimwone nyapara. Nikamwambia nyapara ndiye ninayemshtaki. Akasema, basi niwaone wazee.

Wazee wa laini wakakaa Jumamosi alasiri, kwenye magogo nyuma ya ghala. Nyapara alikuwa mmoja wao. Sikuulizwa kuhusu lango, wala kidole gumba, wala mtoto. Niliulizwa: ulichukua firigisi mbele ya mgeni, ndiyo au hapana? Ndiyo. Uliila? Ndiyo. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema tangu azaliwe hajasikia. Mwingine akaniuliza kama haikunipanda kooni.

"Ilishuka vizuri, baba," nikasema. "Ilikuwa laini. Jogoo nilimlisha mimi."

Mume wangu akanishika kiwiko.

Wakanong'onezana, kisha wakatoa hukumu. Kwa kumvunjia mgeni heshima, nitapika jogoo mwingine, nimpelekee nyapara nyumbani kwake, mzima, na firigisi yake, na nimpe nikiwa nimepiga magoti. Nikishafanya hivyo, lango litafunguliwa.

Mtu aniambie ni hukumu gani hiyo. Nilikuwa na jogoo mmoja tu aliyebaki mwenye nyama ya kuitwa nyama. Walijua. Nyapara alijua, maana ndiye aliyesema, kwa upole sana, "Yule mwenye mkia mweusi anatosha. Mimi si mtu wa makuu."

Nilitembea mpaka nyumbani, nikamkamata yule mwenye mkia mweusi, nikampapasa kifua.

Jumatatu niliamka mapema nikamfunga mtoto mgongoni. Mume wangu alinisindikiza mpaka mahali lori la maziwa linaposimama, amenuna kama mawingu ya Mau. "Wakinitoa kwenye trekta," akasema, "utalima kwa kalamu yako." Nikasema nitalima. Kisha akamshika mtoto mguu, akaubonyeza kwa kidole kama alivyofanya daktari. Shimo bado lilibaki, ila si refu kama zamani. Akamwambia dereva wa lori anipakie mbele.

Ofisi ya kazi Nakuru ina karani Mwafrika mwenye tai. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa si soko la kuku."

"Nyapara ni mtu wa kazi au si mtu wa kazi?"

"Ni wa kazi."

"Basi niko ofisi yenyewe."

Akasema mwenye haki ya kushtaki ni mfanyakazi, yaani mume wangu, si mimi. Akasema pia, akicheka na mwenzake wa meza ya pili, kwamba nyumbani kwake mke akila firigisi anarudishwa kwao. Nikamwambia anipe karatasi, nitaandika mwenyewe, na afisa akitaka kuitupa aitupe yeye, si karani wake. Alinipa, nadhani ili niondoke. Sikuondoka. Niliandikia palepale kwenye benchi, mtoto pajani, kwa Kiswahili, ili nikirudi laini niweze kusoma nakala yake kwa sauti na asiwepo wa kusema hakuelewa. Karani aligonga muhuri wa ofisi kwenye barua na kwenye nakala. Haya ndiyo niliyoandika.

*Kwa Afisa wa Kazi, Nakuru.*

*Mimi ni mke wa dereva wa trekta katika shamba ambalo nimelitaja kwa karani wako, nami namshtaki nyapara wa shamba hilo.*

*Mwenye shamba aliruhusu kuku wa wafanyakazi wale punje zilizobaki mabuani. Nyapara ameifanya ruhusa hiyo kuwa mali yake. Hafungui lango mpaka achague jogoo kwa mkono wake, na jogoo aliyemchagua hupikwa na kuliwa naye Jumapili, kwa jina la mgeni. Hakuna anayemwalika. Anayekataa hufungiwa lango, na mume wake hutishwa kazini. Si mimi peke yangu. Wengine wanaogopa kusema, na siwataji.*

*Binti yangu aliagizwa na daktari wa dispensari ale nyama. Nilifuga majogoo kwa ajili hiyo. Nyapara amewala. Nilipompa mtoto kipande kutoka kwenye sahani, kuku wangu walifungiwa kwa kusingiziwa ugonjwa, na baadhi wamekufa kwa njaa. Naomba atumwe bwana wa mifugo awatazame waliobaki, aseme kama ni wagonjwa au hawajala.*

*Naomba lango lifunguliwe kwa kuku wa kila nyumba, au lifungwe kwa wote wakiwemo wa nyapara. Naomba mume wangu asitolewe kwenye trekta kwa sababu ya barua hii, kwani hakuiandika na hakunituma.*

*Wazee wameniamuru nimpikie nyapara jogoo wangu wa mwisho, nimpelekee kwa magoti. Sitampeleka. Jumamosi hii nitamchinja mwenyewe, kwa mkono wangu, na binti yangu atakula kifua na mapaja yote mawili. Kama iko sheria ya serikali inayonikataza, naomba nionyeshwe kabla ya siku hiyo.*